Wanafunzi wa fildi wapelekwe mitoni wakati wa mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisema ofisini na vikaoni, na ambalo sasa, nikiwa fundi sanifu mstaafu wa haidrolojia, naona linafaa kusemwa mbele ya umma. Linahusu vijana wetu wa vyuo wanaopelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyoiita, katika mito na vijito vya Dar es Salaam. Kila mwaka vijana hawa hufika mtoni katika miezi ileile ya ukavu, hupima, huandika ripoti, hupewa alama, na vipimo vyao huishia kabatini. Naviomba vyuo vyetu, Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, inayosimamia mito ya hapa, na halmashauri za mkoa huu vikubaliane kwamba fildi ya kupima mito ifuate mvua badala ya kufuata ratiba ya mitihani, na kwamba kila kundi la wanafunzi lipokee daftari la kundi lililotangulia na kuliendeleza.

Nianze na kalenda. Kwa vyuo vingi, fildi huanza mitihani ya muhula wa pili ikishamalizika, yaani kuanzia Julai hadi Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na huchukua takriban wiki nane. Mvua za Dar es Salaam zina kalenda yake: masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukiziweka kalenda hizo mbili pamoja utaona kwamba kijana anayesomea maji, mazingira au uhandisi anaweza kuhitimu akiwa amepima mito ya mjini mara nyingi tu bila hata mara moja kuipima ikiwa imejaa. Anaufahamu Mto Msimbazi kama mkondo mwembamba unaopita katikati ya mchanga pale Tabata au Kigogo, mkondo ambao mtu huuvuka kwa kukanyaga viroba.

Sisemi kwamba vipimo vya kiangazi havina maana. Vina maana kubwa, kwa sababu katika miezi hiyo sehemu kubwa ya maji ya Msimbazi wa mjini ni majitaka yanayotoka majumbani, katika mabwawa ya kutibia majitaka, viwandani na machinjioni, na hakuna mvua ya kuyazimua. Mwanafunzi akipima oksijeni iliyoyeyuka juu ya bomba linalomwaga, kisha akapima chini yake, tofauti anayoiona ni kazi ya bomba hilo. Maji safi yenye nyuzijoto 28 huweza kubeba karibu miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na samaki wengi huanza kutaabika ikishuka chini ya 4. Viwango vyetu vya kitaifa vya majitaka yanayoruhusiwa kumwagwa mtoni vinataka mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia, yaani oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuozesha uchafu, yasizidi miligramu 30 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Hayo yote yanapimika Julai, na yapimwe.

Wakati huo wa ukavu ndio pia unaofaa kwa kazi ambayo wanafunzi wetu wengi hawafundishwi ipasavyo, nayo ni kuwasoma wadudu wa majini. Tanzania ina mfumo wake wa kuupa mto alama kwa kuangalia wadudu wanaoishi chini ya mawe na kwenye majani ya kingo, unaoitwa TARISS, uliotokana na mfumo kama huo wa Afrika Kusini. Kijana akipitisha wavu vijito vya juu, kule milima ya Pugu ambako Msimbazi unaanzia, kisha akaupitisha tena karibu na Vingunguti, hahitaji mashine kumwonyesha tofauti: kule juu atatarajia kukuta lava wa kereng'ende na wenzao wanaohitaji maji yenye hewa, na huku chini atakuta minyoo myekundu inayostahimili maji yasiyo na oksijeni. Mtu anayetiririsha uchafu anaweza kufunga bomba lake usiku wa kuamkia ukaguzi na kipimo cha asubuhi kikatoka kizuri. Wadudu wamekaa humo kwa wiki na miezi, na kutokuwepo kwao ni ushahidi wa yaliyopita kabla mkaguzi hajafika.

Lakini mto wa mjini una maisha mengine yanayoanza mvua inapogonga mabati. Msimbazi una urefu wa takriban kilomita 35 tu kutoka Pugu hadi baharini penye Daraja la Salender, na vijito vinavyouingia, kama Sinza, Ubungo na Luhanga, ni vifupi zaidi. Eneo kubwa la bonde lake limefunikwa na mapaa, lami, zege na udongo ulioshindiliwa, kwa hiyo maji hayana pa kunywea. Mvua kubwa ikianguka Kinyerezi na Ubungo alfajiri, wakazi wa Jangwani wanaweza kukuta maji mlangoni asubuhi hiyohiyo hata kama kwao haijanyesha kitu. Muda huo, tangu mvua inapoanza juu hadi kilele cha maji kinapofika chini, ndio kila mpango wa kuwaonya wananchi unapaswa kuujua kwa dakika. Hauwezi kupimwa Agosti.

Wasomaji wengi wanakumbuka Desemba 2011, chini ya wiki mbili baada ya nchi kusherehekea miaka 50 ya uhuru, mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana jijini tangu 1954 iliposababisha vifo vya watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yalirudi 2014, yakarudi 2018, yakarudi wakati wa mvua za El Niño za 2023 na 2024. Kila mara picha zilikuwa nyingi: mabasi yamezama, kituo cha mwendokasi cha Jangwani kimefungwa, watu wamebebana mgongoni. Ukiuliza ni lita ngapi kwa sekunde zilipita Kigogo katika saa ya kilele, na zilichukua muda gani kufika Salender, wenye kukujibu kwa vipimo vya mtoni ni wachache mno ukilinganisha na wanaokujibu kwa makadirio ya kompyuta. Makadirio hayo ni ya lazima, na wanaoyafanya ni wataalamu ninaowaheshimu, lakini nayo yanahitaji vipimo vya kuyasahihisha.

Mvua huleta pia jambo la kiafya ambalo ripoti ya kiangazi haiwezi kulionyesha. Katika mitaa ya mabondeni, ambako gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye vichochoro au gharama yake haimudiki, baadhi ya watu husubiri mvua kubwa wakatapisha vyoo. Hutoboa ukuta wa shimo kwa chini, au huzibua bomba lililokuwa limezibwa kwa matambara, na yaliyojaa kwa mwaka mzima huondoka na mafuriko. Kila mkazi wa mabondeni analijua jambo hili, na watoto wanalijua pia, kwa harufu. Mwanafunzi anayechukua sampuli saa ya kwanza ya mvua, tena baada ya nusu saa, tena baada ya saa moja, ataona wimbi la uchafu likipita: kwanza yale yaliyofagiliwa barabarani na mitaroni, mafuta, majivu, pampasi na chupa, kisha yale ya vyooni. Akichukua sampuli moja tu kesho yake saa nne asubuhi, ataandika kwamba maji yana tope na vimelea kiasi fulani, wakati lile wimbi lililoingia majumbani mwa watu limeshafika baharini. Mlipuko mkubwa wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia katika jiji hili hili. Kwa watu wa afya ya jamii, kujua ni kijito kipi kinabeba uchafu wa vyooni, na katika saa ipi ya mvua, ni habari inayoweza kuwaonyesha waanzie mtaa upi kutibu maji ya visima.

Msomaji ambaye hajaona kazi hii inavyofanyika ajue kwamba sehemu yake kubwa haihitaji mitambo. Wanafunzi wawili wanatosha kupima mkondo mdogo. Mmoja husimama kwenye kivuko cha miguu, mwenzake hukaa ukingoni mita 20 kutoka hapo kuelekea maji yanakokwenda, akiwa na saa ya simu. Wa kivukoni hudondosha chungwa. Chungwa linafaa kuliko kijiti kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo hauliyumbishi, na rangi yake huonekana hata katika maji ya kahawia. Hurudia katikati, kushoto na kulia, kwa kuwa maji ya pembeni huenda polepole. Kisha hupima upana kwa kamba na kina kwa fito kila nusu mita. Tuseme upana ni mita 6, kina cha wastani ni sentimita 40, na chungwa limepita mita 20 kwa sekunde 40. Kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde; maji ya chini hukawishwa na mchanga na mawe, kwa hiyo kasi hiyo huzidishwa kwa 0.85, na jibu ni takriban lita 1,020 kwa sekunde. Kijana aliyelifanya hilo kwa mikono yake, akabishana na mwenzake kuhusu sekunde moja, hatasahau tena maana ya neno mtiririko, na siku akikabidhiwa mchoro wa kalavati atajua kuuliza namba zilizomo zimetoka wapi.

Mto ukifurika, kazi hiyo hubadilika, na hapa nalijibu pingamizi ambalo wasimamizi wa fildi hulitoa kwanza, kwamba mvua ni hatari. Ni kweli, na hakuna sababu ya mwanafunzi kuingia majini mto umejaa. Maji yanayofika magotini yakiwa na kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na maji yenyewe yamebeba mabati, misumari na magogo. Kinachotakiwa ni ubao wenye alama za sentimita, au alama za rangi kwenye nguzo ya daraja, ambao kina chake husomwa ukiwa juu ya daraja, kila baada ya dakika kumi na tano, na kupigwa picha kwa simu ili saa yake ijiandike yenyewe. Ndoo yenye kamba hutosha kuchota sampuli kutoka juu. Kipima chumvichumvi cha mkononi na bomba la kupimia utope hutoa jibu palepale. Chupa za vipimo vya bakteria huwekwa ndani ya deli lenye barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa sita. Glovu, mabuti ya mvua na dawa ya kunawia si anasa, kwa sababu maji haya hubeba homa ya matumbo na homa ya mgunda inayotokana na mkojo wa panya. Nimewaona vijana wakija fildi na kandambili, kwa kuwa aliyewapokea hakuwa na bajeti ya mabuti, na wasichana wakipangiwa kituo kilichojificha nyuma ya ukuta wa kiwanda, wawili peke yao, bila mwenyekiti wa mtaa kuwa na habari. Hayo hayakubaliki Julai wala Aprili.

Nije kwenye daftari, ambalo kwangu lina uzito kuliko hata suala la mvua. Kipimo kimoja cha mto hakisemi kitu. Vipimo vya miaka kumi mahali palepale, kwa njia ileile, husema mengi. Utaratibu wetu wa sasa unamtaka kila mwanafunzi awe na mada yake, kwa hiyo wa mwaka huu anapima madini ya risasi Vingunguti, wa mwakani anapima naitreti Mabibo, na wa mwaka unaofuata anahojiana na wakazi wa Hananasif. Kila mmoja ameongozwa vizuri na kila mmoja amefaulu. Katika ofisi niliyofanyia kazi kulikuwa na kabati lenye ripoti za namna hiyo, zimefungwa vizuri kwa jalada la bluu, na hakukuwa na mbili zilizopima mahali pamoja. Wengine waliandika "karibu na daraja" bila kusema ni daraja lipi. Ni jasho la vijana wengi, na lingeweza kuwa kumbukumbu ya mto mzima.

Ubaya zaidi ni kwamba mito yetu yenyewe haikai mahali pamoja. Wachimba mchanga huchimba kitanda cha mto wakati wa kiangazi, na masika huleta mchanga mwingine kutoka Kisarawe na Pugu, kiasi kwamba mto chini ya daraja la Jangwani umekuwa ukizolewa mchanga mara kwa mara. Kila kitanda kinapobadilika, mchoro unaobadili kina kuwa wingi wa maji hupoteza ukweli wake, na kituo kinachosoma mita moja na nusu mwaka huu hakimaanishi maji yaleyale ya mwaka jana. Mto Ng'ombe nao umejengewa kingo za zege katika DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji la Dar es Salaam. Kwa wakazi wa Tandale na jirani zao ni nafuu ya kweli, na mimi naifurahia, lakini zege hupeleka maji chini kwa kasi kuliko kitanda cha udongo na majani, na ni lazima mtu apime ni kwa kasi kiasi gani. Sasa linakuja jambo kubwa kuliko hayo, yaani Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha 2022, wenye daraja jipya la Jangwani, upanuzi wa mto na bustani ya jiji. Baada ya muda wananchi watauliza kama mto umetulia. Jibu la haki litahitaji vipimo vya kabla, vya wakati wa ujenzi na vya baada, vilivyochukuliwa sehemu zilezile, na miaka ya kabla imeshaanza kutuponyoka.

Mfano wa kwamba wanafunzi wanaweza kufanya kazi ya pamoja inayodumu tunao hapa hapa. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea mitaa ya mabondeni pamoja na wakazi, wakachora njia, nyumba, mitaro na makalavati, wakawauliza wenyeji maji yalifika wapi ukutani, na yote yakawekwa katika ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia hadi leo. Kilichofanya kazi ile ifae ni kwamba wote walichora kwa kanuni moja na matokeo hayakuwa mali ya mwanafunzi mmoja wala kabati moja. Naomba moyo uleule uhamie majini.

Namna ya kufanya haiwezi kuwa ngumu kuliko tulivyozoea. Utarajali wa wahitimu, tofauti na fildi ya wiki nane, unaweza kufika mwaka mmoja. Mtarajali mmoja kwa kila kijito, akikaa masika, kiangazi na vuli, ndiye angekuwa mshika daftari: anawajua wakazi, anajua ubao wa kina unatunzwa na nani, anajua ni lini mchanga umechimbwa. Wanafunzi wa fildi wa Julai wangeingia chini yake, wakarekebisha mchoro wa kituo maji yakiwa kidogo na salama, wakapima wadudu na majitaka. Mvua zinapoanza, na wanafunzi wako darasani, wale walio karibu wangetoka kwa zamu. Mto Mlalakuwa unapita jirani na vyuo vya upande wa Mlimani, na uliwahi kuwa na mradi wa kuurejesha ambao serikali, kampuni binafsi na wadau wengine walishirikiana. Kwenda huko hakuhitaji hata nauli ya daladala. Chuo cha Maji kipo Ubungo, katika bonde lenyewe la Msimbazi. Zamu ya masika ikihesabiwa katika alama za kozi, sioni mwanafunzi atakayeikwepa.

Vituo viwe vichache na visihamishwe. Ningependa kimoja kiwe juu, Pugu au Kinyerezi, kabla mto haujaingia kwenye msongamano, kimoja Tabata, kimoja Kigogo, kimoja katika Mto Ng'ombe kabla haujaingia Msimbazi, na kimoja Salender. Kuhusu hicho cha mwisho nina ombi maalumu, kwa kuwa nimeona ripoti nyingi zikikosea hapo: saa ya maji ya bahari iandikwe pamoja na saa ya sampuli. Bahari ikijaa, hasa wakati wa bamvua, maji ya chumvi hupanda mlangoni mwa mto na kuingia kwenye mikoko, na kipimo cha chumvichumvi huruka mara kumi na zaidi. Sampuli iliyochotwa maji yamejaa itaonekana safi kwa sababu imezimuliwa na Bahari ya Hindi. Sampuli ya Salender ichotwe maji yakiwa yamekupwa, na ikishindikana basi ielezwe hivyo. Wavuvi wa pale Salender watamwambia kijana saa ya kupwa bila kuangalia jedwali lolote, na ni vizuri awaulize.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Mbao za kina, kamba, ndoo na deli ni vitu vya bei ya dukani. Kinachogharimu ni vipimo vya bakteria na metali, na hivyo vinaweza kufanywa mara chache kwa mwaka katika maabara za maji zilizopo, wakati vipimo vya mkononi vikiendelea kila mvua. Kilicho kigumu ni makubaliano ya nani anahifadhi takwimu. Kwa maoni yangu ni Bodi ya Maji ya Bonde, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeipa jukumu la kusimamia maji ya bonde lake, na vyuo vipewe nakala bila kuombwa barua ya kibali kila mara.

Na matokeo yarudi kwa watu. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha katika jarida la kimataifa vipimo vya metali nzito katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Ilikuwa kazi nzuri na imenukuliwa duniani kote. Mama niliyezoea kununua kwake mchicha na matembele bondeni hakuwahi kusikia habari zake, na alikuwa akinyunyizia bustani yake maji ya mto huohuo asubuhi na jioni, akiwalisha wanawe mboga ileile aliyokuwa akituuzia sisi. Simlaumu yeye, wala sidhani dawa ni kumfukuza bustanini. Alistahili kuambiwa ni miezi ipi maji ni mabaya zaidi, ni kisima kipi kinafaa, na kwamba mboga ioshwe kwa maji gani kabla ya kwenda sokoni. Karatasi moja yenye vipimo vya mwezi huo, kwa Kiswahili cha kueleweka, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, na mwanafunzi aliyevipima asimame kwenye mkutano wa mtaa akavieleze na kujibu maswali. Maswali ya wakazi wa Kigogo ni mtihani mgumu kuliko wa jopo lolote, na yatamfundisha.

Vyuo hupanga ratiba ya mwaka wa masomo mapema, kwa hiyo makubaliano ya kuanza na mvua za vuli yanahitaji kufanyika sasa, kabla wasimamizi hawajagawa vituo vya fildi. Hata vijito viwili tu, Mlalakuwa na Ng'ombe, vikianza na daftari moja moja, itatosha kwa msimu wa kwanza. Tupo mafundi sanifu wastaafu kadhaa katika jiji hili ambao miguu bado ina nguvu, na tuko tayari kwenda na vijana hao kuchagua madaraja, kupaka alama za kina kwenye nguzo na kuwaonyesha namna ya kuzisoma usiku kwa tochi, bila kudai posho. Wanaohusika wakilihitaji hilo, gazeti lako linaweza kutuunganisha nao.

Wako katika kazi,
Fundi sanifu mstaafu wa haidrolojia,
Tabata, Dar es Salaam